Siku moja maishani mwangu: banda la mkaa linageuzwa chumba cha mazoezi ya muziki

Saa 11 alfajiri naamka Buguruni. Chai ya rangi, chapati mbili, begi la vifaa begani, daladala ya Tabata. Hapo hakuna la kusimulia.

Saa 1 asubuhi nipo saiti na wasaidizi wangu wawili. Saiti yenyewe ni banda la uani: zamani la kuku, baadaye stoo ya mkaa. Tofali za inchi 5, paa la bati, mita 5 kwa 4. Kijana wa nyumba hii anapiga dramu, na yeye na wenzake watano hawana pa kufanyia mazoezi. Upande wa pili wa ukuta wa uani anaishi mama mwenye mtoto mchanga. Kazi yangu ni kuwafanya hawa wote waishi pamoja.

Watu wakisikia natengeneza vyumba vya muziki wanadhani nabandika sponji za rangi ukutani. Sponji ina kazi yake: inaimeza sauti iliyomo ndani isigonge kuta na kurudi, mpigaji ajisikie vizuri. Sauti isitoke nje ni habari nyingine kabisa. Waya mnene kuliko wote wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani linazidi mita 8. Ni refu kuliko banda lenyewe. Sponji ya inchi mbili italifanya nini? Kinacholizuia ni uzito, kuziba kila upenyo, na kutenganisha kuta zisigusane.

Kwa hiyo tumejenga chumba ndani ya chumba. Tofali za zamani tumezipiga plasta pande zote mbili. Tukaacha nafasi ya sentimita 5, tukasimamisha fremu ya mbao za mbili kwa tatu isiyogusa tofali popote, tukajaza pamba ya mawe, ile inayowasha mikono mpaka usiku, kisha bodi za jipsam, mbili mbili, na maungio ya bodi ya juu hayaangukii maungio ya chini. Asubuhi hii tunamalizia ukuta wa mwisho na kupitisha silikoni kwenye kila kona. Saa mbili nzima za kupiga magoti, ndiyo hiyo sentensi moja.

Saa 3 na robo anaingia mwenye nyumba na bajaji. Nyuma ya bajaji kuna trei za mayai zimefungwa kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Leo nimekuja na dawa. Trei 60, nimezipata kwa muuza chipsi pale kituoni."

Anatoa simu, ananionyesha kijana aliyebandika trei chumba kizima na kusema pamekuwa kimya. Naitazama mpaka mwisho kwa heshima. Ndipo anapofungua daftari. "Banda langu lilikuwa na upana wa mita 4. Nimepima jana jioni, nimepata 3 na sentimita 70. Sentimita 30 zangu ziko wapi? Nalipia mbao, nalipia bodi mara mbili, halafu napewa chumba kidogo. Huyu kijana katumia trei tu."

Wasaidizi wangu wamekaa juu ya ndoo. Wanalipwa kwa siku, na kila dakika ya maneno inatoka mfukoni mwangu. Lakini pesa ni ya mzee, ya kiinua mgongo, na ana haki ya kujua imekwenda wapi. Nikamwomba atoke nje, aweke kiganja kwenye ukuta wa tofali. Mimi ndani nikagonga jipsam kwa ngumi. "Unasikia kitu mkononi?" Hasikii. Nikagonga tofali lenyewe pale mlangoni. Akautoa mkono haraka. "Mzee, hapo ndipo zilipo sentimita zako 30."

Akanyamaza kidogo, kisha akarudi kwenye trei.

Kwa sababu yake, na kwa sababu ya wengi kama yeye, natembea na kisanduku. Nimekitengeneza mwenyewe kwa vipande vya jipsam, kuta mbili mbili, na mfuniko wenye mpira pembeni. Nikawasha redio ndogo, nikaiweka kwenye boksi la karatasi, nikaizungushia trei zake pande zote. Mtangazaji anasikika kila neno. Nikaihamishia kwenye kisanduku changu, nikafunika. Ikabaki sauti ya mbali, kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Kisha nikachomeka njiti ya kiberiti chini ya mfuniko, uwazi wa unene wa njiti tu, na taarifa ya habari ikarudi.

Mzee aliinama, akaitoa njiti, akairudisha. Alifanya hivyo mara nne.

Nikamwambia: dramu ikipigwa kwa nguvu inavuka desibeli 100, desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu, hata ukiwa wa zege, hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi. Mama wa jirani anabaki na 80. Na trei ni karatasi kavu. Siziweki kwenye chumba cha mlango mmoja chenye waya za umeme na vijana sita ndani. Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. "Basi fundi. Endelea."

Saa 5 kasoro. Saa moja na nusu imekwenda.

Dari ndiyo iliyotumaliza. Imelala juu ya kuta za ndani bila kugusa kenchi, ili hata mvua ya masika ikipiga bati isishuke kwenye muziki. Bodi moja ya jipsam ina kilo zaidi ya 20. Wawili wanaibeba kwa vichwa na viganja, mmoja anapiga skrubu, juu yenu bati la mchana wa Dar, madirisha yamezibwa, upepo haupo. Vumbi jeupe linaganda na jasho. Tulipandisha kumi na nne. Chakula cha mama ntilie tulikikuta kimepoa, sijui ilikuwa saa ngapi, na tukiwa tunakula fundi wa kiyoyozi akaingia kufanya kazi yake.

Mlango ulikuja alasiri. Mbao nzito, bawaba nne, mpira kuzunguka fremu yote. Watu wanne kuubeba. Ulipofungwa mara ya kwanza, masikio yaliniziba, hewa ikasukumwa. Sauti hiyo ya mlango naipenda kuliko malipo.

Jua likiwa linazama kijana akaingiza dramu yake. Nikabisha hodi kwa mama wa jirani, akanikaribisha, nikasimama uani kwake karibu na kamba ya nguo za mtoto. Matoazi hayasikiki. Snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, haisikiki. Lakini dramu kubwa ya chini ipo: du, du, du, ndogo, ardhini. Mama alisema haimsumbui. Mimi ilinisumbua.

Nikarudi na tochi, nikazunguka kuta nikiwa nimeweka sikio. Nikalikuta tatizo. Bomba la kiyoyozi limepitishwa kuta zote mbili kwenye tundu moja lililonyooka, na limekazwa kwa simenti ndani na nje. Kuta nilizozitenganisha wiki mbili zimeunganishwa na bomba la unene wa kidole gumba.

Nimefika nyumbani saa 3 usiku. Mikono inawasha. Patasi nimeiweka juu kabisa ya begi: kesho naanza kwa kung'oa ile simenti, halafu pamba, halafu silikoni, kabla mzee hajaamka.