Mota ya lifti ya boti Lamu: anza na bamvua

Wenye boti wa Shela na Manda wakitaka lifti ya kunyanyua boti nje ya maji, swali lao la kwanza huwa ni, "Ninunue mota ya nguvu ngapi za farasi?" Hilo lingefaa kuwa la pili. La kwanza ni: boti litapanda mita ngapi?

Lifti nyingi zinazosimama kwa miguu yake, zisizofungwa kwenye gati, zimebuniwa kwa ajili ya maziwa ya maji baridi kule Marekani, ambako maji hayajai wala hayapwi. Zinanyanyua mita 1.5 hivi na kazi imekwisha. Lamu, wakati wa bamvua (siku maji hujaa na kupwa kuliko kawaida), tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Ukiongeza nusu mita ili mawimbi ya kusi yasilifikie boti lililo juu, safari inakuwa mita 3.5. Mota iliyozoea kufanya kazi dakika nne itafanya karibu dakika kumi mfululizo, na joto la hizo dakika sita za ziada ndilo linalounguza koili, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya mota. Kwenye kibati cha mota tafuta alama S2, yaani ya kufanya kazi kwa muda mfupi, na dakika zake. S2 ya dakika 15 inapita kwa shida. Chukua ya dakika 30, au S1, ambayo ni ya kuzunguka muda wote.

Sasa uzito. Boti la faiba lenye kilo 900, injini kilo 170, petroli lita 150 ambayo ni kilo 110 hivi, nanga, kamba na makoti ya kuokolea kilo 100: jumla ni kilo 1,280. Weka asilimia 20 juu yake, ifike kama 1,550. Maji ya mvua msiyasahau. Sentimita 10 za maji kwenye sakafu ya mita 5 za mraba ni kilo 500, na masika hayabishi hodi. Boti likiwa juu, kizibo cha chini kiwe wazi daima.

Tuseme waya umepita kwenye roda hadi uzito ukagawanyika mara nne, na ngoma ya waya ina kipenyo cha sentimita 10. Kupanda mita 3.5 kunataka waya wa mita 14, yaani mizunguko kama 45 ya ngoma. Mota ya kawaida ya stima yetu huzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika. Gia za jumla ya 1:300 (mota izunguke mara 300, ngoma mara moja), yaani gia ya skurubu ya 1:40 ikifuatiwa na mnyororo wa 1:7.5, zitafikisha boti juu kwa dakika tisa na nusu. Zaidi ya nusu ya nguvu hupotelea kwenye gia na roda, na bado mota inadaiwa wati 220 tu. Gia ndizo zinazobeba boti. Mimi ningefunga ya kilowati 0.55, yaani robo tatu ya nguvu ya farasi, kwa sababu roda zenye chumvi huwa nzito, na waya ukipanda tabaka la pili kwenye ngoma mzigo huongezeka kwa asilimia 15 hivi.

Ukitumia stima ya nyumbani, soma kibati tena. Stima ya Kenya ni volti 240, Hz 50. Mota ya Marekani ya volti 230 na Hz 60 itawaka na itazunguka, lakini polepole zaidi, na chuma chake kitashiba sumaku kupita kiasi hadi ipate joto hata bila mzigo. Ile ya volti 120 ndiyo usiiguse kabisa. Jambo jingine ni waya mrefu wa stima. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya kuzungusha hubaki asilimia 70 tu, kwa hiyo mota itanguruma bila kuondoka, na mwisho wake ni kuungua. Mota yenye kapasita ya kuanzia haigeuzwi ikiwa bado inazunguka: ukipindua swichi kabla haijasimama, itaendelea kule kule ilikokuwa ikienda. Na swichi ya kukata stima inapovuja, ya miliampea 30, ni lazima. Watu wanaogelea pale.

Lakini kama lifti iko mbali na nyumba, napendelea mota ya betri ya volti 24. Itakula ampea 13 hivi. Kila kupanda ni kama ampea-saa 2, kwa hiyo betri za ampea-saa 50 na sola ya wati 100 zinatosha hata siku za mawingu. Volti 12 zinataka ampea mara mbili: kwa umbali wa mita 20 na waya wa milimita 10 za mraba utapoteza volti 1.8, wakati kwa volti 24 unapoteza 0.9 tu. Nunua waya wa shaba uliopakwa bati, maana shaba tupu huliwa na chumvi kwa ndani, chini ya plastiki, huku juu ikionekana nzima.

Usitegemee gia ya skurubu peke yake kushikilia mzigo. Mtikiso wa mawimbi huitelezesha kidogo kidogo, hivyo weka breki. Weka pia swichi ya kikomo juu, la sivyo kitanda cha boti kitagonga kichwa cha nguzo na kukata waya.

Mota ikae juu ya nguzo, kiwango cha IP66 (cha kuzuia vumbi na maji), waya wa stima uingie kwa chini ili maji yasiufuate hadi ndani. Tundu dogo la kutolea maji liwe upande wa chini kabisa: mota ikipoa usiku huvuta unyevu, na bila tundu hilo maji hujikusanya kwenye beringi.