Mzee wa Noti ya Mia Mbili

Tarehe 28 Machi binti yangu aliamka kabla yangu. "Mama, tusisahau maua ya mwalimu." Hapa Prague, mji mkuu wa Cheki, hiyo ndiyo Siku ya Walimu, nayo ni siku aliyozaliwa Jan Amos Komenský, mwalimu na mwandishi wa Kicheki, mwaka 1592. Ni yule mzee wa ndevu ndefu kwenye noti ya koruna 200. Miezi yangu ya kwanza nilimtoa na kumpokea dukani bila kumjua.

Kilichonikutanisha naye ni kitabu chake cha picha cha kufundishia watoto, Orbis Pictus, kilichotoka Nuremberg mwaka 1658. Nilipata nakala iliyochapwa upya. Kwenye ukurasa wa herufi kuna kunguru: analia á á. Chini yake mwana-kondoo: bé é é. Mtoto anaanza na sauti ya mnyama anayemjua, ndipo anaonyeshwa alama ya sauti hiyo. Mbele zaidi vitu vilivyo pichani vimepewa namba, na namba zilezile zimo kwenye maneno kando, Kilatini na Kijerumani, ili avitafute mwenyewe kwa kidole.

Nami nilifundisha darasa la kwanza Tanga miaka sita. Watoto themanini, wakiimba ba-be-bi-bo-bu hadi kengele. Nje ya dirisha kulikuwa na mwembe uliojaa kunguru, wakipiga kelele kutwa nzima. Hata siku moja sikuwaambia watoto wangu wawasikilize. Jambo hilo limeniuma sana.

Kitabu hicho hakukiandikia kwao. Waprotestanti wenzake walishindwa vitani kwenye Mlima Mweupe, hapa karibu na Prague, mwaka 1620, na imani yake ikapigwa marufuku. Tauni ikamchukulia mke na watoto wawili. Mwaka 1628 akahamia Leszno, Poland. Mwaka 1656 mji huo ukachomwa, na humo ikateketea kamusi ya Kicheki aliyoishughulikia zaidi ya miaka 40. Mimi nikizidiwa na hamu ya nyumbani nabana matumizi, nakata tiketi. Yeye hakurudi tena. Alifia Amsterdam mwaka 1670, akazikwa Naarden.

Lakini mwaka 1650 alikuwa ameandika wosia, akiwaambia Wacheki kwamba mamlaka juu ya mambo yao yatawarudia. Januari 1, 1990, utawala wa Kikomunisti ukiwa umetoka kuanguka, Rais mpya wa Chekoslovakia, Václav Havel, alimalizia hotuba yake kwa kuyageuza maneno hayo: serikali yenu imewarudia. Bibi wa ghorofa ya tatu aliniambia siku hiyo alikuwa akikoroga dengu za mwaka mpya. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akakaa chini akalia, na dengu zikaungua.

Jumamosi nilimpigia mwenzangu anayefundisha bado Tanga. Tumekubaliana: darasa jipya likianza, somo la kwanza atawatoa watoto nje, wakae chini ya mwembe, waanze na a.