Huyu Bado Anasoma

Maneno matatu tu, na leo Alhamisi bado yananiwasha tangu Jumamosi.

Nilikuwa kwenye kigoda nyuma ya meza ya Mama, pale sokoni Busia, namchambulia mukene, wale dagaa wetu. Mwanamke mmoja akanunua vikombe viwili, akanitazama weee, kisha akamuuliza Mama, "Huyu ndiye yule wako daktari?" Mama hakuinua hata uso. Alikuwa anafunga fundo la kaveera, mfuko wa plastiki. "Huyu bado anasoma," akasema, akampa chenji.

Bado anasoma! Mtu wa miaka 37! Chuo cha Makerere miaka 5, intani (mazoezi ya kazi) 1, wilayani sijui mingapi, MMed, yaani ubingwa wa magonjwa ya watoto, 3. Nimeirudia sentensi ile ndani ya taksi, wodini, bafuni. Mkazo aliuweka kwenye "bado"? Au alisema tu, kama mtu anayesema mvua inanyesha?

Imeniuma kwa sababu nina fomu ya kuomba kwenda kusoma tena, na ingali kwenye droo. Miaka 2 Mulago, hospitali kuu ya rufaa kule Kampala, saratani na magonjwa ya damu ya watoto. Ubingwa juu ya ubingwa. Baba Swabra hanikatazi, anauliza tu kodi ya nyumba Kampala siku hizi ni ngapi, na hilo nalo ni jibu. Sista wa wodi hakuzunguka: "Daktari, ukienda tunabaki na nani?" Mabingwa wa watoto tuko wawili, na mwenzangu anastaafu mwakani. Wanaojaza vitanda vyetu ni malaria, nimonia na vichanga waliozaliwa kabla ya wakati. Hao hawamtafuti bobezi, wanamtafuta mtu aliyepo saa nane usiku, na oksijeni isiyokatika.

Na Denis Burkitt mwenyewe, ambaye jina lake limepewa ule uvimbe wa taya, saratani ya watoto, alikuwa daktari wa upasuaji tu hapo Mulago. Aliuandika 1958, na 1961 akazunguka mashariki na kusini mwa Afrika kwa gari kuukuu kutafuta unapoishia. Nani alimsomesha ubobezi wa saratani? Kila nikitaka kuichana fomu, namtaja yeye.

Halafu namkumbuka yule mvulana wa mwezi wa pili. Shavu limevimba, magego yanacheza ukiyagusa kwa kidole. Uvimbe ule huweza kukua mara mbili kwa siku moja au mbili. Jina lake nililijua, pa kumpeleka nilipajua. Nikampigia mwenzetu wa Mulago, naye swali lake la kwanza likawa, "Amekojoa kiasi gani tangu asubuhi?" Maana uvimbe ukianza kufa kwa kasi, taka zake huziba figo, lazima maji yatangulie dawa. Nilikuwa nimeyasoma hayo, zamani. Nikamwambia, "Subiri," nikaenda kutazama. Basi ile "subiri" yangu ndiyo inayoirudisha fomu kwenye droo.

Jana usiku nasugua sufuria, ndipo kikanijia kitu ambacho siku zote hizi nimekiruka. Yule mwanamke, alipokuwa ananitazama, mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Na kona ya daftari ilishatokeza. Daftari la mchango! Harusi ya mtu, au msiba, sijui. Mama aliliona kabla yangu.

Nikacheka peke yangu jikoni hadi Swabra akaja kuchungulia. Nikampigia Mama papo hapo.

"Sasa wewe ulitaka utoe elfu hamsini?" akasema. "Mtu humjui."

"Mama, mimi nimekaa siku tano nimenuna."

"Umenunia nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, nikamsikia anasogeza kitu, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani husomi?"

Nikasema mtandao unasumbua.

Sasa nakumbuka pia kwamba Jumapili jioni alinifungia vikombe vitano vya mukene na sabuni mche mzima, kama mtoto anayerudi bweni, nami nikapokea kwa mikono miwili.

Halafu tangi limeanza kuvuja tena, palepale alipoziba fundi wiki iliyopita. Nimempigia mara nne, simu inaita tu.