Na Mwandishi Wetu

Mezani palikuwa na karatasi moja, na kwa sisi tuliokuwa tumeajiriwa ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kupokea kutoka upande wa pili. Mwajiri alikuwa amekubali karibu nyongeza yote ya mshahara tuliyoiomba kwa waajiriwa wa chumba cha habari. Posho ya zamu ya usiku, ambayo katika majadiliano ya nyuma hakutaka hata kuisikia, nayo alikuwa ameikubali. Chini kabisa ya karatasi lilikuwepo sharti: chama chetu cha wafanyakazi kiondoe kifungu cha waandishi wa kujitegemea, aya zake zote, na kisikirudishe mezani hadi mkataba mpya wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu malipo na masharti ya kazi, utakapoisha.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za kamati yetu ya majadiliano. Kazi hiyo inamlazimu mtu kusikiliza zaidi ya kusema, na nashukuru kwamba ilinifunga mdomo kwa dakika zile za kwanza, maana nilikuwa na hasira. Katibu wa tawi aliisoma karatasi taratibu, akaigeuza kuona kama kuna chochote nyuma, kisha akaomba tutoke tukashauriane.

Niseme kwanza kifungu chenyewe kilidai nini. Gazeti letu, kama magazeti mengi duniani, lilijazwa kwa sehemu kubwa na watu wasio na ajira. Ni waandishi wa kujitegemea walio mbali na makao makuu, wanaolipwa kwa kila habari inayochapishwa. Simu ni ya kwao, nauli ni ya kwao, na wakiumia wakiwa kazini, matibabu ni juu yao pia. Mwandishi anaweza kuagizwa na dawati, yaani wahariri wa chumba cha habari, akafuatilie kesi kutwa nzima, akaandika, habari ikahaririwa na kupangwa ukurasani, halafu saa ya mwisho likaingia tangazo na habari ikaondolewa. Haikuchapishwa, kwa hiyo halipwi. Najua, kwa sababu nilianza hivyo. Nililipwa kwa habari kwa muda mrefu kabla sijapata barua ya ajira, na nilijifunza kulichukia tangazo la nusu ukurasa kama adui yangu binafsi.

Tulikuwa tunadai mambo manne. Habari iliyoagizwa na dawati na ikapokelewa ilipwe hata isipochapishwa. Mwandishi aliyetumwa kazini awe na bima kwa kazi hiyo. Akishtakiwa kwa habari ambayo gazeti lenyewe liliihariri na kuichapisha, gazeti limtetee mahakamani. Na aliyeitumikia kampuni mfululizo kwa muda mrefu awe na kiinua mgongo anapoachwa.

Wakili wa kampuni alikuwa na hoja ambayo aliirudia kila kikao. Alisema chama kinaingilia uhuru wa mhariri: mhariri ndiye anayechagua nani aandike na nini kichapishwe, na ukimfunga kwa mkataba umeugusa uhuru wa vyombo vya habari. Hoja hiyo ni ya zamani sana. Shirika la habari la Associated Press liliitoa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani baada ya kumfukuza Morris Watson, mhariri aliyekuwa akiwaunganisha wenzake katika chama kilichoanzishwa mwaka 1933, American Newspaper Guild. Mwaka 1937 mahakama hiyo iliikataa kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji walio wengi walisema mchapishaji wa gazeti hana kinga maalumu dhidi ya sheria zinazowahusu watu wote, na kwamba kumrudisha mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya chama hakumzuii mhariri kuamua kitakachochapishwa. Katibu alikuwa ameshalieleza hilo mezani, kwa utulivu, bila karatasi mkononi. Wakili alijibu kwamba hiyo ni Marekani, tena ya zamani.

Basi tukamletea Ufaransa. Huko sheria ya Julai 1974 inasema kwamba makubaliano yoyote ambayo kwayo chombo cha habari kinapata kazi ya mwandishi mtaalamu kwa malipo yachukuliwe kuwa mkataba wa ajira, hadi ithibitishwe vinginevyo, bila kujali namna ya kulipa wala kiasi cha malipo. Anayelipwa kwa habari anahesabiwa mfanyakazi, na anayetaka kupinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Sisi hatukuwa tunaomba hata nusu ya hapo. Niliisoma sheria hiyo wakati wa maandalizi, usiku, na nakumbuka nilisimama nikatembea chumbani. Kumbe kuna mahali watu walikaa wakaamua kwamba yale niliyopitia hayakuwa lazima.

Sasa tulikuwa nje, katika chumba kidogo tulichopewa cha kushauriana, na karatasi nzuri ilikuwa mezani kwa upande wa pili wa ukuta.

Wa kwanza kusema alikuwa msanifu kurasa wetu, mzee kuliko sote kwenye kamati, mtu aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Alisema tuichukue. Alisema kwa uwazi kwamba ana watoto wanaosoma, kwamba mshahara wake wa mwisho ndio utakaopimwa kwenye mafao yake, na kwamba wenzetu wa nje tunawapenda lakini si wanachama wanaolipa ada. Sikuwahi kumwona kama msaliti kwa kusema hivyo, wala leo simwoni hivyo. Alisema kile ambacho nusu ya chumba cha habari wangesema wangekuwepo. Majadiliano ya mkataba wa hali bora hufanywa na watu wenye kodi za kulipa, na anayeingia mle akidhani shida ya mwenzake ni udhaifu wa moyo hatafika mbali.

Katibu alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, "Mzee, mwaka jana dawati lako lilikuwa na wasanifu wangapi?"

Akataja.

"Na leo?"

Hakujibu, kwa sababu wote tulijua. Waliondoka kwa kustaafu na kwa kupunguzwa, na nafasi zao zilijazwa na watu wanaolipwa kwa ukurasa. Katibu alisema kila nafasi inayoachwa wazi inajazwa hivyo, na kwamba nyongeza tuliyopewa ingemfanya mwajiriwa awe ghali zaidi, huku mtu wa nje akibaki rahisi kama alivyo. "Wakishatofautiana hivyo," akasema, "wewe ukiwa mwenye hesabu za kampuni utamwajiri nani?"

Hiyo ndiyo hoja iliyonishika, na ndiyo ninayoiamini hadi leo. Huruma ipo, na haki ipo, lakini hata bila hivyo viwili, chama kinachowaacha nje wanaofanya kazi ileile kwa bei ya chini kinampa mwajiri njia ya kukimaliza polepole. Tulipiga kura kama kifungu kibaki, na mzee alipiga ya hapana, akaomba iandikwe. Niliiandika.

Tuliporudi, Katibu aliwaambia kwamba kifungu kinabaki. Wakili akakusanya karatasi zake.

Mgomo wa kazi ulikuwa umetajwa katika mikutano ya wanachama, ila wengi waliuogopa, na kwa sababu. Mgomo wa magazeti ya New York wa mwaka 1962 hadi 1963 ulichukua siku 114, na miaka michache baadaye baadhi ya magazeti hayo hayakuwepo tena. Gazeti lililonyamaza muda mrefu hupoteza wasomaji ambao hawarudi. Lakini ipo silaha nyingine ya waandishi, ndogo zaidi: kuzuia majina. Unafanya kazi yako yote, unaiwasilisha kwa wakati, ila jina lako halitokei. Waandishi wa The Gazette, gazeti la Montreal nchini Kanada, walifanya hivyo Desemba 2001, wamiliki walipolazimisha tahariri moja kwa magazeti yao. Mkataba wetu uliokuwa ukiisha ulimpa mwandishi mwajiriwa haki ya kukataa jina lake litumike. Kwa hiyo ilikuwa halali, na hakuna msomaji ambaye angekosa habari.

Tulituma ujumbe wa kuzuia majina kwa wanachama mchana. Waandishi wa kujitegemea hatukuwatumia, makusudi. Wao hawakuwa na haki hiyo, na mwajiri asingehitaji kumfukuza yeyote kati yao. Angeacha tu kuchapisha habari zake.

Jioni ile sitaisahau kwa jinsi kazi ilivyokwenda kawaida. Simu zililia, wahariri walipiga kelele kuhusu vichwa vya habari virefu, mtu wa michezo alichelewa kama ada yake. Tofauti ilikuwa kwenye kurasa tu. Palipokuwa na jina, paliandikwa "Na Mwandishi Wetu". Ukurasa wa kwanza ulikuwa hivyo, wa pili hivyo, na wa tatu. Mwandishi wa safu ya uchumi, ambaye picha yake ilikuwa haijawahi kukosekana, alikuja mwenyewe kuhakikisha imeondolewa. Wapiga picha nao wakataka majina yao yaondolewe, hata kwenye picha za kumbukumbu zilizopigwa zamani.

Muda wa kufunga kurasa ulipokaribia, simu yangu iliita. Alikuwa mmoja wa waandishi wetu wa mbali, kijana ambaye nilikuwa nikihariri habari zake tangu alipoanza.

"Dada, nimesikia mnaondoa majina."

Nikamwambia ni kweli, na kwamba wao hatukuwahusisha kwa sababu hakuna atakayeweza kuwatetea.

"Habari yangu ipo?"

"Ipo, ukurasa wa tano."

"Na jina?"

"Lipo."

"Liondoe, dada."

Nilimweleza tena, polepole, kinachoweza kumpata. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wanaozungumzwa mezani ni sisi. Kesho hilo gazeti lote likitoka bila majina halafu langu lipo, atakayelisoma wa kwanza ni huyo wakili wao. Atasema, mnaona, wenyewe hawataki."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa mhariri wa zamu, ambaye kwa cheo chake alihesabiwa upande wa menejimenti na hakuwa mwanachama. Aliniuliza kama kijana yule ana haki hiyo kwa mkataba. Nikasema hana. Akachukua simu, akampigia yeye mwenyewe, akamuuliza kama amelazimishwa na mtu. Alisikiliza, akakata simu, akafungua ukurasa wa tano na kuliondoa jina kwa mkono wake. Kabla kurasa hazijaenda mitamboni walikuwa wamepiga wengine, na yeye aliwapigia wote mmoja mmoja kuhakikisha, kama anavyohakikisha habari.

Asubuhi wasomaji walianza kupiga simu kuuliza kulikoni. Wengine walidhani ni kosa la mitambo. Wenye matangazo walipiga pia, na nadhani hao ndio waliosikika ghorofa ya juu. Mwajiri aliomba msuluhishi, nasi tukakubali, na msuluhishi akawa anakwenda chumba hadi chumba akibeba mapendekezo, maana kwa wakati huo wakili na Katibu hawakuweza kukaa meza moja kwa faida ya yeyote.

Tulichopata ni hiki. Habari iliyoagizwa na kupokelewa inalipwa, ichapishwe isichapishwe. Bima ipo kwa anayetumwa kwa maandishi. Tulipigania sana maneno "kwa maandishi" yaondolewe, hatukufaulu, lakini tulikubaliana kwamba ujumbe wa simu kutoka kwa dawati ni maandishi. Utetezi mahakamani upo kwa habari yoyote iliyopitia kwa mhariri. Nyongeza ya waajiriwa ilishuka chini ya ile ya karatasi nzuri, na posho ya usiku ilibaki. Kiinua mgongo cha waandishi wa kujitegemea hatukukipata kabisa.

Mkutano wa wanachama wa kuupigia kura mkataba ulikuwa mkali. Watu waliuliza kwa nini mishahara yao ilipe bima ya wengine, na Katibu alijibu kila swali akiwa amesimama, bila kumkata mtu kauli. Msanifu kurasa wetu mzee alinyoosha mkono karibu na mwisho. Alisema yeye alipiga kura ya hapana kwenye kamati, kwamba bado anaona alikuwa na sababu, na kwamba mkataba huu ameusoma wote na atauunga mkono kwa sababu ndio uliopo na umepatikana kwa haki. Baadhi ya waliokuwa wakinung'unika walimtazama wakanyamaza. Mkataba ulipita, ingawa kura za kuukataa zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia.

Mwezi uliofuata yule kijana wa ukurasa wa tano alinitumia picha ya hati yake ya malipo. Palikuwa na mstari wa habari ambayo haikuwahi kuchapishwa, imelipwa kamili. Aliuliza kama ni makosa, kwa sababu hataki kurudisha fedha baadaye. Nikamwambia namba ya kifungu, na nikamweleza pia kwamba siku ya kukusanya mapendekezo ya mkataba unaofuata tunamhitaji kwenye kamati, maana kiinua mgongo ndicho tutakachoanza nacho.