Transfoma ya VA 60: ampea zinakwenda wapi

Chukua transfoma ya volti 230 kwa 12, VA 60 (VA ni volti mara ampea). 60 gawanya kwa 12: upande wa kutoa unabeba ampea 5. 60 gawanya kwa 230: upande wa kuingiza unavuta ampea 0.26 tu. Ndiyo maana waya wa 230 ni mwembamba na una omu nyingi, yaani ukinzani mkubwa. Pima omu kwanza ujue koili ipi ni ya 230, kwani ukiipa koili ya 12 umeme wa ukutani, itaungua.

Bila mzigo, yaani bila kifaa kinachovuta umeme, multimita itasoma volti 13 hivi upande wa kutoa. Transfoma ni nzima. Volti 12 ni za mzigo kamili, kwa sababu ukinzani wa waya hula kiasi.

Tatizo kubwa huja ukiweka daraja la dayodi (dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC) na kapasita ya kulainisha DC hiyo. Kapasita hujaa kwenye kilele cha wimbi tu, kwa mikupuo mifupi mikali, na koili hupata joto kuliko ammita ya DC inavyoonyesha. Kwa hiyo usivute zaidi ya ampea 3 za DC. Bila mzigo, kapasita hufika volti 17 hivi: ya volti 16 itavimba, weka ya 25.

Fyuzi upande wa 230 iwe ya kuchelewa, ampea 0.5, ya haraka hukatika unapowasha tu.