Mishale Yangu Ilikuwa Inakwenda Kushoto

Mimi navuta upinde kwa mkono wa kulia, na kwa muda mrefu mishale yangu ilijua njia moja tu: kushoto. Nikisimama hatua ishirini, mshale unapita ubavuni mwa shabaha na kuishia kwenye migomba ya mama jirani. Siku moja aliuchomoa, akaniletea mpaka mlangoni. "Mwanangu, hii migomba yangu imekukosea nini?"

Naishi Kisoro, chini ya mlima Muhabura. Upinde wangu uliletwa na shemeji kutoka Kampala: wa mbao, hauna puli wala kifaa cha kulengea, na nguvu yake ya kuvuta ni ratili 45, yaani kilo 20 hivi. Kila mwanamume aliyefika kwangu alitaka kuujaribu. Ni kweli ulikuwa upinde wa kujivunia, ila kuuvuta mara moja mbele ya wageni ni jambo moja, na kuuvuta jioni nzima ukiwa umetulia ni jambo jingine kabisa. Waata, wawindaji wa jadi wa Kenya, walikuwa na pinde zinazopita ratili 100, lakini hao walianza kuvuta tangu utotoni.

Huku kwetu kuna Batwa, watu waliotolewa msituni Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991. Baadhi yao siku hizi huwaonyesha wageni jinsi wazee wao walivyokuwa wakiwinda. Nilimwomba mzee mmoja aje anitazame. Shabaha hakuitazama hata kidogo, alinikazia macho usoni na mabegani.

"Huu upinde ni wa nani?" akauliza.

"Wangu, mzee."

"Mbona unakutetemesha?"

Akaongeza kwamba macho yangu yanaukimbilia mshale kabla haujatoka, na mkono wa upinde unayafuata. Niliporudi nyumbani nikamwomba kijana wa jirani anirekodi kwa simu kutoka nyuma, video ya mwendo wa taratibu. Yote yalionekana. Kamba haikuwa inafika mdomoni; naiachia ikiwa bado iko hewani mbele ya kidevu. Vidole havilegei, vinaitupa kamba nje kama mtu anayepiga gitaa, nayo inausukuma mshale kushoto. Mkono wa upinde nao ulikuwa umeanza kushuka kabla mshale haujatoka.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuuweka kando ule upinde wa sifa. Rafiki yangu aliniazima wa ratili 25. Niliupima kwa mizani ya ndoano ya muuza nyama, nikiuvuta mpaka pale ninapouvuta kila siku, ukasoma kilo 11. Vijana walicheka, lakini kwa uzito huo niliweza kusimama nimevuta na kufikiria ninachofanya.

Kisha nikasogea karibu, hadi hatua tano tu kutoka kwenye shabaha, na hiyo shabaha nikaifutia alama. Palipo na alama jicho linataka kushinda, na mwili unasahauliwa. Mwanzoni nilitumia shina la mgomba, maana linaupokea mshale vizuri, lakini utomvu wake ulinichosha: unagandisha manyoya, na ukigusa shati doa halitoki. Nikachukua gunia, nikalijaza vitambaa vya mitumba vilivyochakaa, nikashindilia kwa mti mpaka likawa gumu.

Pale kwenye gunia nilishughulikia jambo moja moja. Nilianza na mkono wa upinde: hauukamati, unausukuma kwa nyama ya chini ya kidole gumba, na kiwiko unakigeuzia nje ili kamba isikuchape. (Aliyewahi kuchapwa na kamba mahali pamoja mara mbili hahitaji kukumbushwa.) Kisha mdomo: kidole cha kati lazima kiguse pembe ya mdomo kila mara, mahali pale pale, maana kikigusa shavuni leo na kidevuni kesho unakuwa umebadilisha shabaha bila kujua.

Kilichonichukua muda ni mgongo. Nilikuwa navuta kwa mkono, yaani kwa msuli wa mbele, na msuli huo ukichoka unaanza kutetemeka. Nilichojifunza ni kukipeleka kiwiko cha kulia nyuma hadi mifupa bapa ya mabega ikaribiane, halafu kuendelea kuvuta kidogo kidogo hata baada ya kufika mdomoni. Ukivuta hivyo, kuachia hakuna kazi: vidole vinalegea tu, kamba inaondoka yenyewe, na mkono unateleza nyuma hadi chini ya sikio. Mkono ukibaki mbele, ujue umeachia bila mgongo.

Ile haraka ya kuachia mapema niliitibu kwa kuvuta bila kupiga. Navuta, nagusa mdomo, nahesabu polepole, kisha narudisha kamba taratibu mshale ukiwa bado juu yake. Inachosha na haina raha yoyote. Kwangu ndiyo iliyosaidia kuliko yote.

Baadaye nikarudi hatua ishirini. Mishale sasa ilikaa pamoja, katika eneo la sahani ya wali, lakini bado kushoto kwa alama! Video ilionyesha mkono uko sawa. Nikachukua mshale usio na manyoya nikaupiga pamoja na wenzake, nao ukaenda kushoto zaidi. Kwa anayevuta kwa kulia, hiyo ni dalili kwamba mti wa mshale ni mgumu mno. Mishale ile ilichongwa kwa ajili ya upinde wa ratili 45. Kwenye upinde mwepesi haipindi vya kutosha kuuzunguka mpini. Kabla ya hapo jaribio hilo lisingeniambia kitu, kwa sababu kila mshale ulikuwa na kosa lake la mkono.

Kwa hiyo sasa natengeneza mingine ya mianzi iliyopandwa nyumbani. Ya msituni haiguswi, na hata upinde siupitishi karibu na hifadhi, maana askari wa wanyamapori hawatauliza kama ni mchezo. Miti naiacha mirefu kidogo na ncha naziongezea uzito, ili ilegee. Manyoya ni ya bata mzinga, na kwa kila mshale yote yatoke bawa la upande mmoja, kushoto au kulia. Ukichanganya, moja linapinda huku na jingine kule. Nikimaliza huu wa kwanza nitaupiga kwanza bila manyoya.