Macho ya majimaji kwa watoto wa paka: nilivyowauguza wangu

Paka wetu hapa Tandika alizalia stoo, nyuma ya magunia ya mkaa. Watoto walifumbua macho vizuri tu, kisha yule wa manjano akaanza kuchuruzika machozi jicho la kushoto. Haukupita muda, wenzake nao wakaanza, na chafya juu. Asubuhi matongotongo yameganda, kope zimeshikana kabisa.

Nyumbani lawama zote zikaenda kwa vumbi la mkaa. Kweli vumbi na moshi wa dawa ya mbu huwasha macho ya paka, ila usaha wa kijani na chafya kwa watoto wote ni habari nyingine. "Hayo ni mafua ya paka, dada," daktari wa mifugo aliniambia. Mara nyingi ni virusi vya hepesi au kalisi. Wakati mwingine ni bakteria wa klamidia, ambao huweza kuanza na jicho moja. Akawadondoshea rangi ya kuangalizia kidonda cha jicho, hakukuwa na kidonda, akatuandikia mafuta ya macho ya tetrasaiklini.

Kazi kubwa ilikuwa kusafisha. Nilichemsha maji, robo lita kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, nikayaacha yawe vuguvugu. Mtoto namfunga kwenye kipande cha kanga, kichwa tu nje, namwekea pamba iliyolowa juu ya jicho mpaka gamba lilainike. Halivutwi kwa kucha! Ndipo nafuta kutoka pembe ya pua kwenda nje, kila jicho na pamba yake, halafu dawa. Mikono nanawa kwa sabuni kabla sijamshika mwingine.

Ushauri wa mtaani haukukosekana: chai ya rangi, maziwa ya mama. Jirani mmoja alileta kichupa cha matone kilichobaki kwa mwanawe. Nikasoma lebo, nikakuta deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, nikamrudishia kwa shukrani. Dawa za aina hiyo hushusha kinga ya jicho, na penye kidonda zinaweza kulitoboa.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni pua. Paka asiposikia harufu hali, na kitoto kisichokula huishiwa nguvu upesi. Nikawa nawapashia dagaa waliochemshwa na kupondwa, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwao), wakiwa vuguvugu ili harufu ipande. Waliporudi kugombania sahani nikajua tumevuka, ingawa dawa niliendelea nayo mpaka mwisho kama nilivyoelekezwa.

Yule wa manjano bado hutokwa machozi jicho lile lile akipata hekaheka, kama juzi tulipokuwa na wageni. Hepesi hubaki mwilini. Machozi yakiwa maangavu kama maji na anakula, nampangusa tu. Yakigeuka rangi, au akianza kulifumba jicho, nampigia daktari siku hiyo hiyo.